Kimo cha Kurudi Nyumbani

Siku Kamaludin Shee alipoteremshwa kutoka kwenye kreni, alikuwa amefumba macho. Wenziwe wawili walimshika, mmoja juu yake na mmoja chini, wakawa wanamwambia weka mguu, weka tena, mpaka viatu vyake vikagusa saruji ya gati. Huko juu, ndani ya kibanda cha vioo alimokaa zaidi ya nusu ya umri wake, dunia ilikuwa imezunguka ghafla kama maji ndani ya bakuli. Kontena lilikuwa linaning'inia hewani. Alilishusha taratibu kwa mazoea ya mikono tu, kisha akaita kwa redio kwamba hawezi kusimama.

Daktari alisema ni sikio la ndani. Si maradhi ya kuua, na dawa zingepunguza kizunguzungu, lakini kreni basi. Bandarini wakampa kazi ya mezani. Akaifanya kwa muda, akaiona inamchosha kuliko kreni, akaomba kustaafu.

Akarudi kukaa Mji wa Kale wa Mombasa, katika nyumba ya mawe ambayo mkewe Mwanakheri aliirithi kwa mamake, nyumba nyembamba yenye ngazi kali na dari iliyo wazi juu kabisa. Mwanakheri alikuwa fundi wa mabuibui, na cherehani yake ilikuwa chumba cha chini, karibu na mlango. Kutoka hapo alimwona mumewe barazani kutwa nzima, akiitikia salamu za wapita njia. Watu walisema mashaallah, Kamal amepumzika. Mkewe ndiye aliyejua kwamba hajapumzika hata kidogo. Mtu aliyezoea kuuona mji mzima akinywa chai yake ya asubuhi, sasa macho yake yalikomea kwenye ukuta wa jirani.

Asubuhi moja msichana mmoja alipiga hodi, mkoba mgumu mweusi begani.

"Sabalkheri, mzee. Naitwa Nanjala, natoka Buxton. Tunapiga picha mapaa ya nyumba za zamani, tuone zinazovuja na zilizofanya nyufa, mafundi wapate kujua pa kuanzia. Naomba kusimama kwenye dari yenu kidogo, nirushe droni."

Mwanakheri akampandisha. Kamaludin hakuwa amekanyaga dari ile tangu augue, kwa hiyo alibaki chini ya ngazi, shingo juu, akisikiliza ule mvumo ukipanda na kusogea mbali. Nanjala aliposhuka alimkuta bado amesimama pale pale.

"Mzee, wataka kuona kwenu kulivyo?"

Akamkabidhi rimoti, kubwa kuliko alivyodhani, yenye kioo katikati. Kamaludin akainamisha kichwa. Aliona mabati na matangi ya maji, shuka zilizoanikwa, kuba la msikiti, vichochoro ambavyo alivijua kwa miguu tangu utotoni na sasa alikuwa akiviona vinavyopindana. Mbali, ng'ambo ya paa la mwisho, kreni za bandari zilikuwa zimesimama katika safu yao. Alingoja dunia izunguke. Haikuzunguka.

"Huko juu yuko nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu. Hiyo ni picha ya sasa hivi, mashine bado iko angani. Mimi niko hapa nawe."

"Kwa hivyo waona yote hayo na miguu iko chini?"

"Hata kitini, mzee, ukitaka."

Kamaludin akacheka. Mwanakheri, aliyekuwa ngazini, aligeuka kumtazama, maana ni siku nyingi hakuwa amekisikia kicheko kile.

Alianza kwa kwenda Buxton, ofisini kwa Nanjala, kutazama tu. Nanjala alikuwa amesomea upimaji wa ardhi katika chuo cha ufundi kilicho karibu na kwao, na pamoja na mwenzake mmoja walifungua ofisi ya chumba kimoja. Kazi zilikuwa nyingi kuliko mikono. Siku moja akamwambia Kamaludin, nusu mzaha, kwamba mtu aliyeshika kontena hewani miaka yote ile bila kumuumiza mtu hawezi kushindwa na kitu kinachotosha kwenye mkoba. Mzee akalichukua neno hilo kwa dhati. Daktari wake alikubali, ilimradi awe chini ardhini na mtu awe kando yake. Akasoma, akafanya mtihani wa leseni darasani na vijana wa umri wa bintiye Munira, akapita.

Kazi iliyomfanya aiamini droni moja kwa moja ilikuwa Shimanzi. Walikuwa wakipiga picha paa la godauni, malori yakiunguruma barabarani, na Kamaludin akaipeleka mashine nyuma ya tangi kubwa la chuma. Mara kioo kikawa kijivu.

"Imekatika!" alisema. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kutapatapa.

"Iache," alisema Nanjala. "Ikikosa mawasiliano inarudi yenyewe. Tazama juu."

Droni ikatokea nyuma ya tangi ikipanda wima kama iliyovutwa kwa kamba. Ikapanda mpaka ikawa juu kuliko kila kitu, ikatulia kidogo hewani, ndipo ikaanza kuja moja kwa moja mpaka juu ya vichwa vyao, ikashuka pale pale ilipoondokea.

Kamaludin alifurahi kama mtoto. "Yanyanyuka kwanza, ndipo yatembea! Wallahi, ndivyo tulivyofanya na makontena. Huwezi kulipeleka kontena kando kabla hujalipandisha juu ya yale mengine."

"Ndiyo hivyo hivyo. Nimeiwekea kimo cha kurudi nyumbani, yaani kurudi pale ilipoondokea, mita sitini. Kwa kazi zetu za hapa mjini, sitini inapita kila kitu."

Tangu siku hiyo Kamaludin hakuogopa tena kioo kikiwa kijivu.

Baada ya mvua za masika wakapigiwa simu kutoka milima ya Taita. Aliyepiga ni Mwalimu Naomi, mkuu wa shule ya msingi iliyo chini ya mgongo wa mlima. Alisema maji yameanza kutoka mahali ambapo hayakutoka zamani, na wachungaji wanadai kwamba ng'ambo ya mgongo ule, juu kwenye kijito, ardhi imepasuka. Hakuna aliyeweza kufika vizuri kwa miguu. Wazazi walitaka kujua, kabla ya mvua za vuli, kama watoto wao wamekaa chini ya hatari.

Walikwenda na gari la Nanjala. Barabara ilipoanza kujikunja kupanda mlima, Kamaludin alifumba macho akashika mpini wa mlango, akayafumbua tu gari liliposimama uwanjani pa shule. Hapo alipata nafuu. Uwanja ulikuwa sawa, nyasi zimekatwa, magoli mawili ya miti. Nyuma ya madarasa mlima ulikwenda juu, mashamba ya ngazi ngazi kwanza, kisha mikalitusi, kisha anga.

Droni ilipaa vizuri. Kamaludin aliipandisha akiufuata mteremko, akapata upenyo penye bega la mlima, akaipitisha kwenda upande wa pili. Kioo kilionyesha mita themanini. Mwalimu Naomi na wazazi wachache walikuwa wamesimama nyuma yake wakichungulia. Walikiona kijito, wakaona na mwanzo wa kitu kama mstari mweusi ardhini. Kisha kioo kikawa kijivu.

"Imepotea?" aliuliza Mwalimu Naomi.

"Usijali, mwalimu," alisema Kamaludin, na alikuwa akitabasamu. "Sasa itapanda, halafu itakuja. Tazameni juu pale."

Wote wakatazama juu ya mgongo wa mlima. Walisikia mvumo, mwembamba, ukikaribia upande wa pili. Wakangoja waione ikichomoza. Badala yake kukasikika mlio mkavu, mdogo tu, kama ukuni unaovunjwa gotini. Ndege wakaruka kutoka kwenye mikalitusi. Baada ya hapo kimya.

Nanjala alikwenda kuitafuta pamoja na mzazi mmoja. Kamaludin alijaribu kuwafuata. Alivuka shamba la kwanza na la pili, na alipogeuka kutazama alikotoka, uwanja ukaanza kuzunguka chini yake. Akakaa hapo hapo kati ya mahindi, ameshika nyasi kwa mikono miwili, mpaka mwanamke aliyekuwa akipalilia akaja kumshika mkono akamrudisha chini. Nanjala aliporudi, droni ilikuwa ndani ya leso yake, mguu mmoja umevunjika, kamera imening'inia kwa waya.

Walirudi Mombasa bila maneno mengi. Walipopita Mariakani, Kamaludin alimgeukia Nanjala, akasema, "Mwalimu wangu, niwie radhi."

"Ngoja kwanza, mzee. Nafikiri."

Yeye akalichukua jibu hilo vibaya. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe, "Nimevunja mali ya watu, na wale watoto wamebaki vile vile," akapanda kitandani bila kula. Siku zilizofuata hakwenda Buxton. Simu ilipolia, aliiacha.

Nanjala akaja mwenyewe. Alimkuta Mwanakheri amekaa katikati ya ngazi, penye mwangaza wa dirisha, akishona pindo kwa mkono, na Kamaludin chini ya ngazi akijifanya anatengeneza bawaba ya mlango.

"Mzee, mbona hushiki simu?"

"Nitasema nini?"

"Useme hujambo. Aliyeiweka sitini ni mimi, si wewe. Niliiweka ya Mombasa nikaenda nayo mlimani, na mimi ndiye mwalimu. Nimekaa juzi na jana nikipiga hesabu. Bi Mwanakheri, una ufagio wa mpini mrefu?"

"Uko jikoni. Ngoja niinuke."

"La, la, usiinuke. Kaa hapo hapo. Wewe ni mlima."

"Mlima!" Mwanakheri alijitazama. "Nimenenepa, lakini si kiasi hicho."

Nanjala alileta ufagio na chungwa moja alilolikuta mezani. Akausimamisha ufagio sakafuni, chini kabisa ya ngazi.

"Hapa ni uwanja wa shule. Hapa ndipo tulipoirushia. Huu mpini ndio zile mita sitini. Waona ncha yake imefika wapi?"

Kamaludin alitazama. Ncha ya mpini ilikuwa sawa na kidato alichowekea mkewe miguu, haikumfika hata magotini.

"Sitini ile haihesabiwi kutoka ardhi iliyo chini ya droni," Nanjala aliendelea. "Yahesabiwa kutoka pale ilipoondokea. Ikishapaa, haijui kama chini yake kuna bonde au kilele. Inajua tu kwamba uwanja ule ni sifuri." Akampa mzee ufagio aushike, akapanda na chungwa, akampita Mwanakheri, akalishika nyuma ya mgongo wake. "Ilipokata mawasiliano ilikuwa huku, upande wa pili. Themanini. Juu kidogo ya ncha ya ufagio wako. Sasa imeambiwa irudi."

Akalipeleka chungwa mbele moja kwa moja, bila kulipandisha wala kulishusha. Likamgonga Mwanakheri mgongoni.

"Aa! Ndio mlima huo mmeupiga," alisema Mwanakheri.

"Lakini Shimanzi ilipanda kwanza," alisema Kamaludin. "Mimi niliiona kwa macho yangu."

"Shimanzi ilikuwa chini ya sitini, ndiyo maana ikapanda. Huku ilikuwa imeshapita sitini. Ikiwa juu ya kimo ulichoiwekea, haioni haja ya kupanda tena. Yashika njia vile vile ilivyo. Na yetu ni ya zamani, haina macho ya kuona kilicho mbele yake."

Kamaludin alikaa kwenye kidato cha kwanza, ufagio mapajani.

"Gatini sakafu ni moja," alisema. "Ukinyanyua hapa, umenyanyua kila mahali. Miaka yote sikuhitaji kuuliza juu ni juu ya nini. Nikadhani na mlimani ni hivyo."

"Hata mimi nilidhani. Nimezaliwa Buxton, mzee. Mlima wangu mkubwa ulikuwa daraja la Nyali."

Mwanakheri akacheka. "Basi si muiweke mia tano, mupumzike?"

"Sheria haituruhusu kwenda juu hivyo, bi mkubwa. Na upepo wa huko juu si mchezo. Betri yaweza kwisha angani, mashine yapigana na upepo tu, haifiki. Tunapima mlima kwanza. Tunajua kilele kimezidi uwanja kwa mita ngapi, tunaongeza urefu wa miti, tunaongeza na nafasi ya makosa yetu sisi wenyewe. Hiyo ni njia moja."

"Na ya pili?" aliuliza Kamaludin.

Nanjala alisita. "Ya pili ni kuirushia juu. Mgongoni pa mlima penyewe. Hapo nyumbani ndiko juu kuliko kote, na tunayaona mabonde yote mawili, hata mawasiliano hayatakatika ovyo. Ndiyo bora. Lakini wewe waweza kubaki shuleni, nitairusha mimi."

Mwanakheri aliendelea kushona, ila sindano yake ilikuwa imepunguza mwendo.

"Hiyo mashine itachukua muda kutengenezwa?" aliuliza Kamaludin.

"Kamera inaagizwa. Wiki chache."

"Basi nipe hizo wiki."

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, Mwanakheri alifunga cherehani yake akamwambia mumewe, "Haya, Baba Munira. Twende." Akasimama nyuma yake, mkono mgongoni. Siku hiyo walifika nusu ya ngazi, Kamaludin akatoka jasho, wakarudi. Siku ya pili hawakufika hata hapo. Mara nyingine alikasirika, akasema haya ni mambo ya kitoto, na mkewe akamjibu kwamba watoto hupanda ngazi bila kelele. Walipofika darini mara ya kwanza alikaa chini papo hapo, mgongo kwenye tangi la maji, macho kwenye vidole vya miguu yake. Mwanakheri akamletea kahawa. Aligundua kitu: akikaa, akaegemea, akachagua kitu kimoja cha kukitazama, dunia hutulia. Ikianza kuzunguka, aliingoja. Hali hiyo ilikuwa ikipita. Jambo hilo hakuna aliyemwambia, kwamba hupita, kwa sababu kila mara alikuwa akishuka mbio kabla haijapita. Daktari alipopewa habari alisema sawa, mradi asiwe peke yake wala asikaribie ukingo.

Siku ya safari ya pili, Nanjala alipofika na gari aliwakuta wawili mlangoni. Mwanakheri amevaa sweta la mumewe juu ya buibui.

"Mimi nimeambiwa huko kuna baridi," alisema, akapanda kiti cha nyuma.

Waliupanda mgongo wa mlima asubuhi iliyofuata, Mwalimu Naomi mbele akionyesha njia, Kamaludin akimfuata, mkewe nyuma yake, mkono mgongoni kama nyumbani. Walikwenda polepole mno. Mahali pamoja njia ilibana, na upande wa kulia hapakuwa na kitu ila hewa na mapaa ya shule madogo kule chini. Hapo ndipo ile hali ya kizunguzungu ilipomshika. Alilala chali kwenye nyasi. Mwanakheri akaketi, akamwekea kiganja kwenye paji la uso.

"Turudi?" aliuliza Nanjala.

"Ngojeni," alisema Mwanakheri. "Yapita."

Ikapita. Mwalimu Naomi akammiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akanywa, akainuka, wakaenda.

Juu kulikuwa na uwazi mdogo na jiwe kubwa. Kamaludin alikaa akaliegemea. Nanjala aliweka kimo cha kurudi nyumbani, safari hii kiasi cha kupita miti ya pale juu kwa nafasi nzuri, akamwonyesha mzee kioo, akamwuliza kama anakubali. Kamaludin alitazama mti mrefu kuliko yote, akaifikiria njia kutoka bondeni mpaka pale walipo.

"Ongeza kidogo," alisema. Akaongeza.

Droni ikapaa, ikavuka ukingo, ikaanza kuteremka upande wa pili. Namba za kimo zikapungua mpaka sifuri, kisha zikaandikwa na alama ya kutoa mbele.

"Iko chini ya nyumbani," alisema Kamaludin, kama anayejiambia mwenyewe.

Aliipeleka taratibu juu ya kijito. Ule mstari mweusi waliouona mara ya kwanza sasa ulionekana wote: ufa mrefu, uliopinda, ukishuka kuzunguka bega la mlima mpaka juu ya madarasa mawili ya pembeni. Mwalimu Naomi alijifunika mdomo kwa mkono. Kamaludin alipiga picha, akasogea, akapiga. Nanjala alisimama ukingoni akiifuata mashine kwa macho. Kipande cha mwisho kilikuwa ndani ya korongo, chini ya ukuta wa mawe, nao walikihitaji. Akaishusha.

Kioo kikawa kijivu.

Safari hii Kamaludin hakutabasamu wala hakuwaambia watu watazame wapi. Alishika rimoti kwa mikono miwili. Upepo ulikuwa unavuma kwenye mikalitusi, na kwa sababu ya upepo huo hawakuweza kusikia kitu kingine.

"Ndiyo imepotea?" Mwanakheri aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa ni yale tuliyoyapima."

Walingoja. Nanjala alikuwa ameinua mkono kuzuia jua. Kisha akasema, "Ile," na wote wakaiona, nukta nyeusi ikitoka korongoni, ikipanda, ikipanda, ikawa sawa nao, ikawapita, ikaipita na miti, ikatulia hewani, ndipo ikageuka kuja. Kioo kikarudi na picha: watu wanne juu ya mlima, mmoja amekaa ameegemea jiwe. Kamaludin hakuigusa. Aliiacha ishuke yenyewe mpaka kwenye nyasi, na pangaboi zake ziliposimama ndipo alipoitoa pumzi.

"Mbona walia?" aliuliza mkewe.

"Upepo," alisema Kamaludin.

Picha zile zilipelekwa kwa wataalamu wa ardhi, nao wakaja kuuona ufa kwa macho yao. Walisema shule haina haja ya kuhama yote. Madarasa mawili ya pembeni yafungwe, na maji ya juu yachimbiwe mifereji yapite upande mwingine. Wazazi walichimba wenyewe kila Jumamosi. Watoto wa madarasa yale wakahamishiwa ukumbi wa kanisa.

Mvua za vuli zilikuja na nguvu. Mombasa yenyewe vichochoro vilijaa maji, na dari ya Mwanakheri ikavuja mahali pawili. Asubuhi moja simu ya Kamaludin ililia, akaona jina la Mwalimu Naomi, akaipokea papo hapo.

"Mzee Kamaludin, mlima umeshuka jana," alisema Mwalimu Naomi. Alikuwa akihema. "Si wote. Kile kipande mlichotuonyesha. Madarasa mawili yamejaa tope mpaka madirishani."

"Na watoto?"

"Ngoja." Zikasikika hatua, mlango ukifunguliwa, kisha sauti nyingi kwa pamoja, kubwa na ndogo, zikikariri hesabu za kuzidisha, mara saba, wengine wakitangulia, wengine wakichelewa. Kamaludin alisikiliza mpaka wakafika saba mara saba, hapo wakatofautiana, mwalimu wao akagonga ubao wakaanza upya.

Aliingia chumba cha chini. Mwanakheri alikuwa ameinamia cherehani, mguu ukienda. Akamshika bega ili aache kushona, akamwekea simu sikioni.